Msitu Unaoteremka: Kilimanjaro (Sehemu ya Pili)

Dunia ikizidi joto, mtu angetarajia miti ya mlimani ipande juu kuifuata baridi. Katika safu ya Alps, Ulaya, ndivyo ilivyo. Kilimanjaro kumetokea kinyume: ukingo wa juu wa msitu umeteremka kwa mamia ya mita, na kilichouteremsha ni moto.

Mlima huu una misitu mingi iliyopangana kwa ngazi. Nyika ya chini imekwisha kulimwa, na juu yake kuna vihamba vya Wachagga, migomba na kahawa chini ya miti mirefu. Panapokaribia mita 2,000 huanza msitu wenyewe. Upande wa kusini, wenye mvua nyingi, mkulo hutawala hadi karibu mita 2,800, kisha hufuata mipodo. Upande wa kaskazini ni mkavu, nako kuna mwangati. Ngazi ya mwisho ni ya miti ya erika, iliyofunikwa na kuvumwani, ambayo zamani ilifika karibu mita 4,000.

Hapo juu mvua ni haba kuliko katikati ya mlima. Erika hunasa ukungu kwenye matawi, matone yakaingia ardhini na kuzilisha chemchemi. Hali ya hewa ilipozidi ukame katika karne ya 20, miti hiyo ikawa kuni tayari. Cheche za mrina asali, jangili au mpiga kambi, ambazo zamani zingezimwa na unyevu, sasa zinateketeza mteremko mzima. Erika huchipua tena kwenye visiki, lakini ikiungua mara kwa mara haifiki kuwa mti, hubaki kichaka. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi, alionyesha kwamba tangu mwaka 1976 moto umemeza zaidi ya hekta 10,000 za msitu wa juu.

Oktoba 2020 moto uliwaka kwa siku kadhaa na kupita juu ya zaidi ya kilomita 90 za mraba. Mamia ya watu, wanavijiji wakiwamo, walipanda kuuzima.

Magazeti ya dunia huililia theluji ya Kibo, kilele cha juu cha mlima, na kweli imepungua mno: barafu iliyofunika kilomita 12 za mraba mwaka 1912 haikufika kilomita 2 mwaka 2011. Lakini mchango wake katika mito ni mdogo. Mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, na Mto Pangani hutegemea msitu, na hasara ya ukungu usionaswa tena ni kubwa kuliko ya barafu. Huo ndio msiba unaostahili kurasa za mbele.

Sehemu ijayo itahamia Usambara, ambako ndege wa msituni wameanza kuhamia juu zaidi, kwenye milima isiyo na kilele cha kuwatosha.