Mayai ndani ya nyanya: Hofia yai bichi, si kiini

Swali ambalo daktari huulizwa karibu kila wiki ni kama mayai huleta maradhi ya moyo. Lile ambalo ni nadra kuulizwa, ingawa ni muhimu zaidi, ni kama yai limeiva. Leo tutayajibu yote mawili kwa kutumia chakula kimoja, shakshuka.

Shakshuka hupendwa sana Tunisia, Libya na Algeria, na pia katika Mashariki ya Kati. Mayai hupasuliwa yakaivia ndani ya mchuzi mzito wa nyanya, vitunguu, pilipili hoho na viungo, kisha huliwa kwa mkate. Sisi hapa Kenya hukaanga mayai kwa nyanya na vitunguu, lakini aghalabu tunayakoroga. Katika shakshuka hayakorogwi. Kiini hubaki kizima, na mara nyingi hupakuliwa kikiwa bado majimaji. Hapo ndipo penye hatari.

Bakteria waitwao salmonela huishi matumboni mwa kuku. Huweza kuwa juu ya ganda, na wakati mwingine huingia ndani ya yai hata kabla halijatagwa. Yai kama hilo halinuki wala halibadiliki rangi. Anayeambukizwa huumwa na tumbo, huharisha na kupata homa, kwa kawaida kati ya saa 6 na siku 6 baadaye. Mtu mwenye afya hupona baada ya siku chache. Lakini kwa mtoto mdogo, mja mzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi, bakteria hao wanaweza kuingia katika damu na kumuua.

Dawa yake ni moto. Bakteria hao hufa yai likifikia joto la nyuzi 71. Kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimajoto jikoni, tumia macho: ute uwe mweupe kabisa, na kiini kigande.

Wala usidhani kwamba yai bichi lina nguvu zaidi, kama wanavyoamini vijana wanaolipasua ndani ya maziwa ili watunishe misuli. Mwili hutumia takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, lakini karibu nusu tu ya ile ya yai bichi.

Je, kolesteroli? Yai moja kubwa lina takriban miligramu 186, zote zikiwa katika kiini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo katika damu hutengenezwa na mwili wenyewe, na huongezwa zaidi na mafuta yanayoganda, kama ya nyama na samli. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015–2020 uliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku. Kwa mtu mwenye afya, yai moja kwa siku halina neno. Mwenye kisukari au maradhi ya moyo ashauriane na daktari wake.

Ili kulisha watu wanne, kaanga kitunguu kimoja kikubwa na pilipili hoho moja kwa vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Tia punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, na nyanya sita zilizokatwakatwa. Mafuta hayo kidogo yana faida, kwani huusaidia mwili kupata laikopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya. Chumvi isizidi nusu ya kijiko kidogo; Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku.

Mchuzi ukiwa mzito, fanya vishimo vinne na upasulie yai katika kila kimoja. Punguza moto, funika, na ungoje dakika 8 hadi 10. Usipofunika, chini kutaungua ilhali juu kungali kubichi.

Usinunue mayai yenye nyufa, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika maganda. Mtoto akiharisha, mpe maji yenye dawa ya chumvi na sukari inayopatikana katika maduka ya dawa. Ukiona damu katika choo chake, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitalini mara moja.