Je, Wajua? Baridi ya Julai, Njaa ya Januari

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hufanya mitihani miwili kila mwaka. Wa kwanza ni kipupwe, Juni hadi Agosti, meno yanapogongana huku ghala limejaa mavuno. Wa pili huja Desemba hadi Machi: joto limerudi, mahindi mapya bado mabichi shambani, na ukiita ghalani unajibiwa na sauti yako mwenyewe. Ajabu ni kwamba majibu ya mitihani yote miwili huandikwa katika miezi ileile ya baridi. Haya, twende.

BARIDI YENYEWE

Je, wajua kwamba tunapotetemeka Julai ndipo Dunia inapokuwa mbali zaidi na Jua? Mwanzoni mwa mwezi huo umbali hufika kilomita milioni 152. Mwanzoni mwa Januari ni milioni 147. Hata hivyo usiulaumu umbali. Watu wa Ulaya wako mbali vilevile siku hiyohiyo, nao wanatembea na kaptula. Kinachotuletea kipupwe ni mlalo wa Dunia, nyuzi 23.5, unaofanya miale itufikie upande wa kusini ikiwa imeinama.

Je, wajua kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6? Ndiyo sababu mtu wa Dar es Salaam anayeshuka basi Njombe, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, huanza kwa kuulizia duka la mitumba. Kwenye uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, penye takriban mita 2,600, nyasi huamka zimevaa sakitu.

Je, wajua kwamba usiku wenye nyota nyingi ndio wa kuogopwa? Mawingu ni blanketi: hurudisha chini sehemu ya joto linalopanda kutoka ardhini. Anga likiwa wazi, joto hilo linapotea moja kwa moja. Mwenye miche ya nyanya akiona nyota zinang'aa Julai, afunike bustani kabla ya kulala.

Je, wajua kwamba mtu mmoja aliyetulia hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 100? Watu wanne wanaolala chumba kimoja ni hita ya wati 400 isiyo na bili. Kinachowaibia ni uwazi chini ya mlango. Viringisha kitenge kikuukuu, kiweke pale. Usipoziba ufa, safari hii hutajenga ukuta. Utanunua blanketi la pili.

Je, wajua kwamba jiko la mkaa huua likiwa limeacha kutoa moshi? Watu husubiri mkaa ukolee, moshi uishe, kisha wanaliingiza chumbani na kufunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na chembechembe za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamki kukohoa. Analala tu. Ukiziba ufa wa mlango, jiko libaki nje. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja.

Je, wajua kwamba ulanzi haupashi mwili joto? Pombe hutanua mishipa midogo ya ngozi, damu moto ikakimbilia nje, na mnywaji akahisi mashavu yanawaka. Wakati huohuo joto la ndani linamtoka. Anayelala njiani usiku wa Julai akijiona hana baridi ndiye anayepoa upesi kuliko wote.

Je, wajua kwamba hita bora ya mtoto njiti ni kifua cha mama yake? Mwaka 1978 hospitali moja mjini Bogotá, Kolombia, ilianza kuwafunga watoto waliozaliwa na uzito mdogo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vifaa vya kuwatunzia vilikuwa vichache. Leo njia hiyo, iitwayo kangaruu, inatumika duniani kote. Baba na bibi nao wanaweza kupokezana zamu.

Je, wajua kwamba Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000? Mahali pake pa chini kabisa pana mita 1,400. Basi si ajabu kwamba vazi la taifa ni blanketi. Husimuliwa kuwa mfalme Moshoeshoe wa Kwanza alizawadiwa la kwanza mwaka 1860, na tangu hapo Wasotho hulivaa harusini, msibani na juu ya farasi.

JIKONI

Je, wajua kwamba maharage ya Njombe huchelewa kuiva si kwa ukaidi wake bali kwa sababu ya mlima? Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, si 100. Ukiongeza kuni, maji hayawi moto zaidi, yanakauka tu. Dawa ni kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria.

Je, wajua kwamba chakula kinaweza kuiva bila moto? Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa muda, kisha sufuria yenye mfuniko iingie moto moto ndani ya kikapu kilichojazwa matambara, manyoya au majani makavu, ifunikwe kwa mto. Joto lililonaswa humalizia kazi wakati wewe uko shambani. Mnorwei Johan Sørensen alionyesha jiko la namna hiyo kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, na wakati wa vita kuu za dunia mama wa nyumbani wa Uingereza walipikia sanduku la nyasi ili kuokoa makaa. Kabla ya kula, chemsha tena.

Je, wajua kwamba kuni mbichi ni maji uliyobeba kichwani? Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na moto hauna budi kuyageuza mvuke kabla haujaanza kukupikia. Pasua kuni mapema, zipange chini ya paa zipitishwe na upepo, na zikifika Juni zitagongana zikilia kama mbao.

GHALANI

Je, wajua kwamba fukusi jike mmoja anaweza kutaga mayai takriban 300 katika maisha yake, kila yai ndani ya punje yake? Gunia linaloonekana zima Julai linaweza kuwa unga wa vumbi Desemba bila panya kuhusika.

Je, wajua kwamba dumuzi si mwenyeji? Asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaenea, na wakulima wakambatiza Scania, jina la lori. Nchini Kenya baadaye alipewa jina la Osama. Hatosheki na mahindi. Hutoboa hata makopa ya muhogo.

Je, wajua kwamba wadudu wa ghalani wanaweza kuuawa bila dawa? Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzao wa Kameruni walibuni njia ya kuhifadhi kunde ndani ya mifuko miwili ya nailoni nzito iliyovikwa gunia la kawaida. Ukikamua hewa na kufunga barabara, wadudu humaliza oksijeni wenyewe, wakafa. Sharti ni mawili: nafaka iwe kavu, na mfuko usitoboke.

Je, wajua kwamba chupa na chumvi vinatosha kupima ukavu wa mahindi? Chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani. Kiwango salama cha kuhifadhi ni kama asilimia 13.

Je, wajua kwamba sumukuvu haifi kwa kupikwa? Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu, na moto wa ugali hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba kama huo uliwafika watu wa Dodoma na Manyara. Ulimwengu uliitambua sumu hiyo baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga zilizoota ukungu.

Je, wajua tofauti ya michembe na matobolwa? Yote ni viazi vitamu vya Wasukuma vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi mikavu. Michembe hukatwa ikiwa mibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Chombo kikuu ni jua la bure.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaotumia baridi ya Juni na Julai kama mashine? Juu ya milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia, wakulima hutandaza viazi nje vigandishwe na sakitu ya usiku, mchana huvikanyaga kwa miguu kuvikamua maji, kisha jua hukausha. Matokeo huitwa chuño, na hukaa ghalani miaka. Baridi inayounguza viazi vya jirani, kwao ni mhifadhi.

Je, wajua kwamba haraka ya njaa inaweza kulemaza miguu? Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na unapaswa kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri. Mwaka wa ukame watu hufupisha siku. Ugonjwa unaofuata, wa kupooza miguu ghafla bila kupona, huitwa konzo, neno la Kiyaka kutoka Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Tarime iliuonja mwaka 1985.

MFUKONI

Je, wajua kwamba Januari imepewa jina jipya? Vijana wa Nairobi huiita Njaanuari. Sikukuu zimekwisha, karo na sare zinadai, na mshahara wa Desemba ulitoka mapema ukaishia kwenye pilau. Mwezi una siku 31 kama Julai, ila hizi za Januari huhesabiwa moja moja.

Je, wajua familia yako inakula magunia mangapi? Piga hesabu. Nyumba inayosonga kilo 2 za unga kwa siku hutumia kilo 60 kwa mwezi na kilo 730 kwa mwaka: magunia 7 ya kilo 100, na kilo 30 juu yake. Asiyeijua namba hiyo huuza la nane Julai, halafu la saba, halafu la sita, akidhani anauza ziada. Februari huyanunua tena kwa mfanyabiashara yuleyule, kwa bei ambayo si ile.

Je, wajua kwamba lumbesa hairuhusiwi kisheria? Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lipimwe kwa mizani. Kile kilemba kinachoshonewa juu ya gunia la viazi ni chakula cha wanao kilichopanda gari bila tiketi.

Je, wajua kwamba mahindi yanaweza kukopesha yakiwa yamelala? Tangu mwaka 2005 Tanzania ina sheria ya stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mazao kwenye ghala lenye leseni, anapewa stakabadhi, na anaweza kuiweka rehani kwa mkopo huku akisubiri bei ipande.

Je, wajua kwamba kikoba unachohudhuria kila wiki kina asili yake Niger? Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake wa kijijini katika eneo la Maradi mtindo wa kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Vikundi vingi hupenda kuvunja kikoba Desemba. Jaribuni kuvunja katikati ya Januari, mwone fedha ileile inavyokuwa na kazi nyingine.

Je, wajua kwamba njaa inaweza kumkuta mtu ana pesa mkononi? Katika ukame wa miaka ya 1980 Wakamba wa Kenya waliipa njaa yao jina Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika. Walishika noti, madukani hakukuwa na unga. Tanzania nayo, katika miaka yake ya uhaba, ilisonga ugali wa unga wa manjano wa msaada, na wananchi wakauita Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo ya soka. Akiba ya fedha ni nzuri, lakini haisagwi.

Je, wajua, mwisho kabisa, Nabii Yusufu alitenga kiasi gani? Katika simulizi la Biblia, miaka saba ya neema ilikatwa sehemu moja ya tano, ikawekwa ghalani kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Na katika Kurani mavuno yaliachwa ndani ya masuke yake. Hakungoja njaa ianze ndipo atafute gunia. Julai hii, utakapokuwa umejifunika blanketi na dalali amepiga hodi, toa kwanza namba ya familia yako, kausha, pima kwa chumvi, funga. Kinachobaki nje ya hapo ndicho cha kuuza.