Kisu cha Kudumu kwa Mwenye Fedha Chache

Watu wengi hununua kisu kwa kutazama bei na kung'aa kwake tu. Baada ya miezi michache mpini hulegea, na kisu kingine hununuliwa. Hivyo yule aliyetaka kuokoa fedha huzipoteza mara mbili.

Mnunuzi mwenye busara hutazama kwanza msuka, yaani sehemu ya chuma iingiayo katika mpini. Msuka mfupi huchomoka upesi na kuweza kumjeruhi mtu; ule ufikao mwisho wa mpini na kukazwa kwa ribiti hudumu.

Pili, hutazama chuma chenyewe. Visu ambavyo wahunzi wetu hufua kwa springi za magari makuukuu hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu, na ndimu huvitia weusi. Chuma kisichoshika kutu upesi, ambacho Harry Brearley alikitengeneza huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, hakina taabu hiyo, bali kukinoa mara nyingi kwataka subira zaidi.

Jikoni visu viwili vyatosha: kikubwa cha nyama na mboga, na kidogo cha kumenyea viazi. Fedha itakayobaki na inunue kinoo, kwa maana kisu butu husukumwa kwa nguvu, kikateleza na kukata kidole. Kisha kisu kioshwe, kipanguswe kikauke, wala kisifungulie mikebe.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Na akitunzaye ataila hata mwakani.