Maradhi ya Jongo na Chembe Zilizojificha Kiungoni

Katika Uwanja wa Ndege wa Moi ulioko Port Reitz, Changamwe, wako wachukuzi washindao juani wakipakia na kupakua mizigo. Mmoja wao akiamshwa usiku wa manane na maumivu ya kidole gumba cha mguu, nacho kimevimba, kina moto na hakivumilii hata kuguswa na shuka, atadhani kwamba sanduku lilimwangukia. Na jirani watasema amerogwa. Ikiwa hakuumia kazini, yafaa daktari atazame kama si jongo.

Asili ya jongo imo katika damu. Mwili hufanya asidi ya yuriki kutokana na chembe zake zilizochakaa na vyakula kama maini, nyama na dagaa, nazo figo huitoa kwa mkojo. Figo zisipoimudu, asidi huzidi, mfano wa chumvi iliyotiwa majini kupita kiasi, ikabaki chini ya chombo. Mahali penye ubaridi huganda upesi zaidi, na kidole cha mguu hupoa kuliko kifua.

Chembe hizo zilizoganda zina ncha kama sindano, nazo zaweza kukaa kimya miaka mingi. Zinapochochewa, pengine kwa bia nyingi au kwa kutoka jasho pasipo kunywa maji, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huzimeza kama wamezavyo vijidudu, lakini hawawezi kuzisaga. Ndipo hupiga mbiu kwa kemikali iitwayo intalukini-1. Mishipa hupanuka, na askari wengine hujaa kiungoni. Joto na uvimbe ule ni kazi ya askari wenyewe.

Mwaka wa 1962 madaktari wawili wa Marekani, Faires na McCarty, walitiwa chembe hizo magotini mwao wenyewe ili kulihakikisha jambo hili. Baada ya saa chache maumivu makali yaliwashika. Si wengi wangalikubali!

Hatari iko hapa: baada ya wiki moja au mbili maumivu huondoka hata pasipo dawa, na mchukuzi hurudi kazini akiyasifu mafuta aliyochuliwa. Kumbe chembe zingalipo. Asipotibiwa, maumivu hurudi, huingia viungo vingine, na mifupa huweza kulika. Iko dawa ya kila siku ipunguzayo asidi, ambayo daktari huitoa baada ya kupima damu. Huziyeyusha chembe polepole, kwa miezi mingi, na katika miezi ya mwanzo mgonjwa huweza kushikwa tena. Wengi huiacha wakati huo, wakidhani imewadhuru.