Dawa ya kusafishia filamu huchaguliwa kabla ya kupiga picha

WAPIGA picha ambao hadi leo hutumia filamu za rangi nyeusi na nyeupe hufahamu kwamba kamera si kila kitu. Mengi huamuliwa katika chumba cha giza, hasa na dawa ya kusafishia filamu. Kwa filamu za kawaida, kosa la kuchagua dawa aghalabu husameheka. Kwa filamu za kasi ndogo, yaani zinazohitaji mwanga mwingi, kosa hilo huharibu kazi nzima, kwani filamu haisafishwi mara mbili.

Chanzo ni filamu yenyewe. Chembe zake za fedha ni ndogo mno na zinakaribiana kwa ukubwa, ndiyo maana picha hubaki safi hata zikikuzwa sana. Lakini chembe zinazolingana huitikia mwanga karibu kwa pamoja. Sehemu huwa nyeusi kabisa au nyeupe kabisa, na rangi za kijivu zilizo katikati hutoweka. Kwa kunakili maandishi, hilo ni jambo jema. Kwa uso wa mtu ni balaa: paji hung'aa kama karatasi tupu nayo macho yakazama gizani.

Filamu ya Technical Pan ya Kodak, ambayo iliacha kuuzwa baada ya uzalishaji wake kusitishwa mwaka wa 2004, ilidhihirisha haya waziwazi. Katika dawa kali kama D-19, ilitoa weusi na weupe mtupu. Katika Technidol, dawa ya upole iliyotengenezwa na kampuni iyo hiyo, filamu ileile ilitoa kijivu cha kupendeza. Leo wapendao kazi ya aina hiyo huitafuta CMS 20 ya Adox kutoka Ujerumani, pamoja na dawa yake, Adotech.

Wengine huzimua Rodinal, dawa iliyobuniwa mwaka wa 1891, kwa kutia sehemu moja katika sehemu 100 za maji. Dawa hafifu huchoka mapema palipopigwa na mwanga mkali, huku ikiendelea kufanya kazi penye kivuli. Kuitikisa mno huleta dawa mpya na kuharibu faida hiyo.

Ipo pia POTA, iliyobuniwa na Marilyn Levy nchini Marekani katika miaka ya 1960: gramu 1.5 za fenidoni na gramu 30 za salfaiti ya sodiamu katika lita moja ya maji. Ni rahisi kuchanganya, ila huharibika upesi, hivyo hutengenezwa wakati wa kutumiwa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba dawa za upole hupunguza kasi ya filamu. CMS 20 hufikia kasi ya 20 katika Adotech. Katika dawa nyingine huhitaji mwanga zaidi. Anayesubiri hadi chumba cha giza ndipo achague dawa, huenda akakuta vivuli vyake havina kitu cha kuokoa. Afadhali kupiga kipande kifupi cha majaribio, kukisafisha, kisha ndipo kamera itiwe filamu ya kazi.