Kingamwili: Shahidi wa Maabara

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: HISTONI na KINGAMWILI.

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Karibu kila seli ina nyuzi za urithi. Nyuzi za seli moja zikiungwa na kunyooshwa, urefu wake ni kama mita 2. Zinaeneaje mahali padogo hivyo? Zimezungushwa juu ya protini, kama uzi wa fundi cherehani uzungushwavyo kwenye kijiti. Protini hizo ndizo histoni.

Histoni hubandikwa alama ndogo za kikemia. Alama moja, iitwayo asetili, huonekana hasa mahali ambapo uzi umelegea na unasomeka. Mwaka 1964, mjini New York, Vincent Allfrey na wenzake walieleza kwamba huenda alama hizo huongoza kazi ya urithi. Lakini nani atatuonyesha zilipo? Hapo ndipo kingamwili huitwa, kama shahidi barazani.

Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili kumshika mgeni, kama vile kidudu cha ugonjwa. Kila moja hushika kitu chake, kama ufunguo na kufuli lake. Wataalamu humdunga sungura sindano yenye kipande cha histoni chenye alama wanayoitaka. Baada ya majuma kadhaa huchukua damu yake kidogo na kutoa kingamwili. Kisha hukata nyuzi za urithi vipande vipande, wakatia kingamwili hiyo. Histoni zenye alama hushikwa, nazo huja na vipande vyao vya uzi.

Mwaka 1988, wataalamu wa Portsmouth, Uingereza, walijaribu hivyo kwa seli za damu za vifaranga wasioanguliwa bado. Walipata kwa wingi sehemu ya uzi inayohusu protini ya damu. Sehemu inayohusu ute wa yai haikupatikana hivyo, kwa maana seli ya damu haina kazi nayo.

Je, shahidi huyu husema kweli daima? Hapana. Mwaka 2011 ilitolewa taarifa ya upimaji wa kingamwili za histoni zaidi ya 200. Zaidi ya robo yake zilishindwa kuthibitika kwamba hushika kitu chake pekee. Anayemtegemea shahidi wa namna hiyo hupoteza fedha na miaka ya kazi, na mgonjwa angojaye dawa hucheleweshwa.

Basi kingamwili hupimwaje? Matone ya vipande vya histoni, kila tone na alama yake, huwekwa kwenye karatasi maalumu. Kingamwili humwagwa juu yake. Ikishika tone lake tu, imefaulu mtihani wa kwanza. Ikishika na la jirani, haiaminiwi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Histoni hufanya kazi gani?
2. Sungura husaidiaje wataalamu?
3. Kwa nini kingamwili hupimwa kabla ya kutumiwa?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.