Kurudisha Giaboksi Nyumbani

Wanachama kadha wametuuliza kama yafaa mtu kurudisha mwenyewe giaboksi ya gari lake uani kwake, maana wakati wa mavuno ya karafuu mafundi hawapatikani. Yafaa, kwa uangalifu. Sisi tulijifunza hayo Buigiri, mwaka 2024, tulipokuwa twenda maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, Dodoma. Klachi ilikwisha njiani, tukalala hapo, na fundi mmoja akaifanya kazi chini ya mti.

Ardhi ya pale ilikuwa vumbi tupu. Jeki yetu ilizama, gari likashuka ghafula. Bahati hapakuwa na mtu chini. Fundi akaweka mbao pana, juu yake stendi za chuma, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Waya hasi wa betri uondolewe kwanza. Vumbi la klachi kuukuu msilipulize, laweza kuwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa kilichorowa.

Sahani mpya ya klachi ina upande wake wa kuelekea injini, nayo lazima ikae katikati barabara kabla ya kukaza bolti za presha pleti. Fundi alitumia kijiti alichokichonga kwa kisu. Bolti hizo hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana.

Kisha giaboksi ikabakisha vidole viwili, haiingii. Kijana wetu akataka kukaza bolti ziivute. Fundi akamshika mkono: "Ndugu yangu, utapasua masikio yake." Giaboksi ikigoma ina sababu: meno ya shafti hayajakutana na ya sahani, au sahani haiko katikati. Akatia gia, akazungusha shafti ya nyuma polepole, nayo ikaingia. Wakati wote huo isiachwe ikaning'inia kwa shafti, huipinda sahani. Ishikwe na jeki ya pili, kwani ya pikapu hupita kilo 30. Wala isiegemezwe kifuani, kama tujuavyo wengine wetu hufanya.

Oili hutiwa gari likiwa limesimama sawasawa. Katika gari nyingi hutiwa mpaka ichuruzike tunduni, ndipo plagi ifungwe.

Chama kimenunua stendi nne. Atakaye kuziazima aandikishe jina kwa Katibu, azirudishe siku ya tatu.